Pizza ya Nyuma ya Gereji

Jirani, usiwe na rafiki anayejua pa kula. Nakuonya mapema. Rafiki anayekopa utamzoea. Anayechelewa utamsubiri. Lakini huyu wa "kuna sehemu nimeigundua", huyu atakumaliza. Anakuingiza gharama, na bado inabidi umshukuru.

Mimi ninao watatu. Wa kwanza ni Mwalimu, anafundisha hesabu sekondari, na hesabu hazimtoki hata akiwa kwenye msiba. Wa pili ni Dalali, anauza viwanja ambavyo mpaka leo sijamwona mtu aliyejenga juu yake. Wa tatu ni Bonge. Bonge ni mwembamba, sijui nani alimpa hilo jina, ila anakula kwa niaba yetu wote. Hawa watu wana grupu la wasapu. Na mimi nimo. Sema bando langu huwa halivuki katikati ya mwezi, kwa hiyo habari za grupu zinanifikia zikiwa zimeshapoa.

Safari hii habari ilikuwa pizza. Wameigundua pizza. Si Masaki, si Oysterbay, kule ukishuka kwenye bajaji mlinzi anakuuliza unamtafuta nani. Ni hapa hapa kwetu Sinza. Nyuma ya gereji. Gereji ninayoipita kila asubuhi nikikimbilia daladala! Nimeshanyeshewa pale. Nimeshaangukia mtaro wa pale, na mafundi wakashangilia. Kumbe nyuma ya yale magari mabovu kuna mtu anaoka pizza, na watu wanaifuata kutoka Mbezi, wengine wanavuka daraja kutoka Kigamboni.

"Wewe si unaishi hapa? Ulikuwa hujui?" Dalali akaniuliza.

Nijue mimi ni serikali ya mtaa?

Na asinidharau mtu. Pizza naijua vizuri. Nimekula siku ya kumuaga bosi wetu. Ilikuja kwenye boksi, imepoa, jibini imekaza. Mimi ndiye niliyekuwa napiga picha, kwa hiyo nilipofika mezani kilibaki kipande ambacho nyama yake ilishahamia kwenye vipande vya wakubwa. Lakini nilikula. Halafu nimekula Zanzibar, na hapo ndipo nilipohitimu. Forodhani, jioni, upepo wa bahari, jamaa kavaa kofia ndefu nyeupe. Anachukua donge la unga, analisukuma na kulivuta mpaka linakuwa jembamba unaona meza chini yake. Anatia kima, kitunguu, pilipili hoho, mayonezi, kijipande cha jibini, anapasua na yai humo humo. Anakunja huku, anakunja kule, anafunga kabisa. Kwenye chuma cha moto, chwaa! Mafuta yanaruka, watalii wanarudi nyuma. Hiyo ndiyo pizza. Imefungwa. Mambo yake yako ndani, hayamhusu mpita njia.

Basi ndio elimu niliyokwenda nayo nyuma ya gereji, Ijumaa jioni, na hao wenzangu watatu.

Hakuna bango. Unapita katikati ya gari lisilo na matairi na tairi lisilo na gari, unatokea uani. Viti vya plastiki. Mwembe mmoja mkubwa. Kuku wa jirani wanakagua chini ya meza. Na pale ukutani limekaa tanuri, kubwa, la mviringo, kama kichuguu kilichopakwa chokaa, moto unawaka mdomoni. Mbele yake dada mmoja, kilemba kichwani, unga mpaka kwenye viwiko.

Akatujia weita. Kijana ana ndevu kunizidi. Akamwambia Dalali, "Mambo vipi, braza?" Akagonga tano na Bonge. Akamgeukia Mwalimu, "Karibu kaka." Akafika kwangu, akainama kidogo, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

Jirani, Dalali ananizidi umri. Ananizidi kwa mbali! Mimi nilikuwa darasa la kwanza yeye anatoroka sekondari. Lakini ningefanya nini? "Marahaba," nikaitikia, roho inauma. Akaniletea mto wa kukalia. Mimi peke yangu.

Menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni. Ya kwanza juu, Margherita, kubwa, Sh 18,000. Nikauliza ina nini. Nyanya, jibini, majani. Nyama? Haina. Kuku? Hamna. Hata kima ya kupitisha tu mkono juu yake? Hamna. Nikasema kwa sauti, ili na meza ya jirani wasikie wajiokoe: 18,000 halafu nyama haimo?

Dada wa tanuri akasikia, akaja mwenyewe. Mpole, bora hata angekuwa mkali. Akaniambia, "Baba, hiyo ndiyo mtihani wa mpishi. Ukiweza hiyo, nyingine zote ni kuongeza vitu tu." Alifanya kazi miaka mingi jikoni kwenye hoteli ya Kiwengwa, kule Zanzibar Waitaliano wanakojaa, chini ya mpishi aliyetoka Napoli. Huko Napoli, anasema, wanasimulia kwamba mwaka 1889 Malkia Margherita wa Italia alifika mjini kwao, mpishi anaitwa Raffaele Esposito akamtengenezea pizza yenye rangi za bendera yao. Nyanya nyekundu, jibini nyeupe, majani ya kijani. Malkia akaipenda, ikabeba jina lake.

Sasa wewe fikiria. Malkia mzima, hakuwekewa hata kipapatio. Na hakulalamika. Lakini yeye si hakuwa analipa?

Nikasema basi, nipeni ya nanasi. Nanasi angalau nalijua, linatoka Kiwangwa, Bagamoyo, ni ndugu yetu. Dada akatabasamu. "Hapa nanasi ni juisi, baba." Mwalimu huyo, simu mkononi, hajaulizwa na mtu. Ile pizza ya nanasi, anasema, wanaiita ya Hawaii lakini haikutoka Hawaii. Ilianzia Kanada mwaka 1962, kwenye mgahawa wa mtu mmoja mzaliwa wa Ugiriki, Sam Panopoulos. Tena mwaka 2017 Rais wa Iceland aliwaambia wanafunzi kwamba angekuwa na uwezo angepiga marufuku nanasi kwenye pizza. Umeona bahati yangu? Nchi ya barafu, nanasi halioti hata kwa maombi, lakini rais wao kaja kuingilia oda yangu Sinza.

Tukaagiza Margherita kubwa moja ya kuanzia. Mimi ndiye niliyetamka oda. Kumbuka hilo, litanirudia.

"Itachukua muda gani?" nikamuuliza kijana wa shikamoo.

"Sasa hivi tu, mzee."

Sasa hivi ya Dar unaijua. Mimi nimeshaagiza makange ya "sasa hivi" mpira unaanza, yakaja wachezaji wanabadilishana jezi. Nimeshaagiza kuku wa "sasa hivi", baadaye nikaona anakimbizwa. Kwa hiyo nikafikiri kiutu uzima. Pembeni ya gereji kuna kinyozi, kiti kiko wazi. Nikawaambia wenzangu naenda kutoa hizi ndevu maana zinaniletea shikamoo, nitarudi mkiwa mnatandaza vitambaa.

Nikarudi kidevu kinang'aa. Nikakuta ubao wa mviringo, mtupu. Bonge anajipangusa. Dalali anajichokonoa meno. Katikati ya ubao kimewekwa kipande cha pembeni, kikavu, kina alama ya jino.

"Hicho tumekubakishia," Bonge akasema. Kwa huruma kabisa.

Ndipo ninapoambiwa kwamba lile tanuri linafika nyuzi 450 na zaidi, na pizza ya namna hii ya Napoli inakaa ndani sekunde 60 mpaka 90. Sekunde 90! Kinyozi alikuwa hata hajanifunga kitambaa shingoni. Nchi hii watu wanachemsha chai nusu saa, nani angetegemea?

"Tulikuita," Mwalimu akasema.

"Mliniita wapi?"

"Kwenye grupu."

Sikujibu. Nikamwita kijana. Safari hii naagiza ya kwangu, na sitoki, na haiguswi na mtu. Nikautazama ule ubao wa chaki kwa makini. Kubwa, inchi 12, Sh 18,000. Ndogo, inchi 8, Sh 9,000. Jirani, hapo akili ikafanya kazi. Pesa ya moja napata mbili! Nikaagiza ndogo mbili, nikawatazama wenzangu mmoja mmoja.

Mwalimu alikuwa ameshachomoa kalamu. Akavuta kitambaa cha karatasi. Eneo la duara, anasema, ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Kubwa, sita mara sita, 36. Ndogo, nne mara nne, 16, na mbili ni 32. "Umepungukiwa nne mara pai. Inchi za mraba kumi na mbili na nusu zimebaki kwa dada."

Nikamwambia aniache, nimekuja kula pizza, sijaja kula pai. Tena mbili zina pembeni nyingi kuliko moja. Akakokotoa na hiyo. "Hapo ni kweli," akasema. "Umenunua maganda."

Nikaenda kusimama tanurini, nilinde mali yangu. Na dada, kwa upole wake ule ule, akanionyesha kila kitu bila mimi kuuliza. Donge la unga lililala tangu jana, linaumuka taratibu. Halisukumwi kwa mti wa chapati, linabonyezwa kwa vidole kutoka katikati, hewa ikimbilie pembeni. Nyanya ni za Ilula, Iringa, zile akina mama wanazokuinulia dirishani basi likisimama. Jibini ya Njombe, ambako Waitaliano walisaidia kuinua kiwanda cha maziwa. Halafu akachuma majani kwenye kopo, akayatupia juu.

"Dada," nikamwambia, "hicho si kivumbasi?"

Mimi bibi yangu alikuwa anakichoma jioni kufukuza mbu. Sasa mbu wanafukuzwa, mimi nakula? Akacheka, akasema huu ni mrehani, wa ukoo mmoja na kivumbasi. Nikakumbuka hata nyumbani yamo majani hayo hayo. Mama watoto kaotesha mlangoni kwenye ndoo mbovu. Mche aliupata kikobani kwao, kile cha Jumamosi, wanachokutana kunywa chai. Nilipouona nilimpongeza kwa mapambano dhidi ya malaria. Akanitazama tu, akaendelea kumwagilia.

Dada akaipakia pizza kwenye koleo la mbao refu, iingie motoni. Nikamshika mkono.

"Umesahau kuifunga."

Ua zima likanyamaza. Mpaka wale kuku.

"Kuifunga vipi, baba?"

Nikamwonyesha. Unakunja huku, unakunja kule, yai liko ndani. Kwa vitendo, mikono hewani, mbele ya watu waliopanga foleni. Binti mmoja akaanza kunirekodi. Mwalimu akaja, nikajua sasa nimekwisha, lakini ajabu, akanitetea. Kule Napoli, anasema, kuna pizza ya mitaani wanaikunja mara mbili na kuila huku wanatembea. Mnaona? Waitaliano wenyewe wanamalizia kazi ambayo mpishi ameiacha! Binti hakuzima simu.

Zikatoka. Kweli, hata kikohozi kimoja hujamaliza. Na zimeungua. Pembeni madoa meusi kila mahali. Nikasema haya, hapa sasa nina haki, nibadilishieni. "Ndivyo inavyotakiwa," akanijibu dada. "Wenyewe wanayaita madoa ya chui." Nikashtuka. Maana wiki hiyo hiyo niligomba nyumbani kwamba chapati imeungua, mama watoto akanijibu, "Huyo ni chui." Nilidhani kanitukana.

Nikaomba kijiko. Wote wakaguna. Nikaomba uma, wakaguna tena. Basi nikashika kwa mkono, ncha ikalegea, jibini ikateleza, ikatua kidevuni. Kidevu kilekile cha kunyolewa, spiriti ya kinyozi bado inawasha. Nililia, jirani. Machozi kabisa. Weita akakimbia na maji. "Pole mzee, pole mzee." Mto ukadondoka, kuku akaukalia.

Halafu nikatafuna.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Ilikuwa tamu. Si tamu ya kusema "si mbaya". Tamu ya kukufanya usahau kwamba una shati jeupe. Unga laini katikati, pembeni umejaa hewa, unavutika, una harufu ya moshi wa kuni. Nyanya ina uchachu, lakini uchachu wa adabu, unakuja, unasalimia, unaondoka. Jibini ina ladha ya maziwa, ya ng'ombe aliyekula vizuri. Na yale majani ya mbu, unayatafuna, pua inafunguka. Nikatafuta kosa. Nikatafuta chumvi, ipo. Nikatafuta mafuta ya kudondoka mpaka kwenye viwiko, hakuna. Nikatafuta nyama, na Mungu ni shahidi, nilikuwa nimeshaisahau. Mimi mtu ambaye chakula kikija mezani nakitafutia lawama kabla ya kijiko, nikakaa kimya. Bonge akaniuliza kama najisikia vibaya.

Sasa hiyo ndiyo hasara ninayokuambia. Jumatatu nimepita kwa jamaa yangu wa chipsi mayai, yule niliyekuwa nakula kwake kwa furaha na kachumbari juu. Naona viazi na mayai. Viazi na mayai tu! Wiki iliyotangulia vilikuwa chakula. Jamaa kaniuliza nani kafariki. Sasa mshahara ni ule ule, nani atanirudishia ujinga wangu wa zamani?

Turudi kwenye bili, maana haikwepeki. Bili ilipokuja Dalali akapokea simu ya mteja, simu ambayo sikuisikia ikilia. Bonge akaenda "kutoa hela" upande usio na wakala. Akabaki Mwalimu na kitambaa chake cha karatasi. Kubwa, 18,000 kwa watu wanne, 4,500 kila mtu.

"Lakini mimi sikuila!"

"Uliagiza wewe. Kuondoka ni mambo yako na kinyozi."

Jumla yangu 22,500. Nikaingiza namba kwenye simu, mtandao ukagoma. Nikajaribu tena, subiri. Watu nyuma yangu wanapumua. Dada akajipangusa mikono, akaja kunisaidia, akanitazama usoni kwa karibu, sasa ndevu hazipo.

"Samahani baba. Wewe siyo yule mzee wa geti bovu la bluu?"

Geti langu bovu. La bluu. Amelijuaje?

"Mama si ndiye mwenyekiti wa kikoba? Wanakaa meza ile pale, chini ya mwembe, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Yeye ni Margherita tu, hataki nyama. Mche wa mrehani nilimpa mimi. Alituambia mzee wake vitu vya unga havimpandi."

Jirani, nilishika meza.

Akafungua daftari. Mteja akifikisha pizza kumi, ya kumi na moja bure. "Mama ana saba. Leo umeagiza tatu. Nikiziandika kwake zinafika kumi kamili. Niandike?"

Nikageuka kutafuta ushauri. Wenzangu walishafika barabarani.

"Andika," nikasema.

Nyumbani nikaulizwa nimekula nini. Chipsi, nikajibu. Na kidevu kimefanyaje? Kinyozi. Akasema pole, akanipaka mafuta, hakuuliza zaidi. Kesho yake, Jumamosi, nikamwona amejifunga kitenge kipya mapema kuliko kawaida, na usoni ana furaha ya mtu aliyetumiwa ujumbe mzuri asubuhi. Nikamuuliza huko kikobani leo watakula nini.

"Chai tu, baba watoto."

Ningemjibu nini, na mimi jana nilikula chipsi? Nikamtangulia kumfungulia geti, mumewe bado ni mwungwana. Likang'oka na bawaba zake, likanilalia miguuni.